FUKO HUTEGWA, HAWEKEWI SUMU



Katika mkutano wa juzi ilisemwa kwamba chama kitoe fedha tununue sumu ya fuko. Sisi tunaoandika ubao huu hatukubali, na tunalisema hapa ukutani ili kila mtu asome.

Hasara tunaijua. Shamba la viazi vitamu unaliona limestawi, majani mazuri, ukichimba chini hakuna kitu. Magimbi nayo hayaachi. Akitoboa ukingo wa mfereji, maji ya zamu yako yanaishia kwa jirani, na ugomvi unaanza. Kwa hiyo mtu asiseme eti tunamtetea mnyama.

Lakini huyu si panya wa ghalani. Panya yule anazaa watoto wengi kwa mara moja. Fuko huzaa mmoja, pengine wawili, na akishakua hukaa peke yake katika shimo lake. Ni mnyama wa nchi za milimani: yuko hapa Kilimanjaro, yuko Kenya, Rwanda, mpaka Ethiopia. Vile vifusi kumi unavyovihesabu shambani mara nyingi ni kazi ya fuko mmoja tu! Ukimtoa huyo umepumzika.

Wazee wetu walimtoa kwa fimbo na kitanzi. Fuko hapendi njia yake iwe wazi. Ukiifungua, anarudi kuiziba, anasukuma udongo kwa kichwa, hapo ndipo fimbo inaporuka. Gharama yake ni kamba.

Sumu je? Msimu huu wapo waliopaka dawa ya kahawa kwenye vipande vya viazi wakavitia mashimoni. Mbwa wawili wamekufa. Bundi naye anakula fuko. Akifa bundi, panya wa ghalani atakamatwa na nani? Na wako vijana wanaochoma fuko wakala, si mnawajua. Tena mashimo yenyewe yako kando ya mfereji, na wenzetu wa chini wanachota humo maji ya kunywa. Hili linatutia hofu kuliko viazi vyote.

Tunaomba kamati inunue waya wa vitanzi, basi. Wazee wawili wamekubali kuonyesha namna ya kutega, Jumamosi saa mbili asubuhi, shamba la chama nyuma ya ghala. Vijana njooni na mapanga. Na aliyebakiwa na viazi vyenye dawa asivitupe ovyo, amwone Bwana Shamba kabla mvua haijaanza.