Kabla ya kuchora barabara, muulize aliyeketi kando yake



Wapendwa wasomaji, anayeishi Dar es Salaam siku hizi hahitaji kuambiwa kwamba jiji linajengwa upya kuanzia barabarani. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria katika Barabara ya Morogoro mwezi Mei 2016. Baada ya hapo mpango ukaelekea Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, na Barabara za Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo hadi Tegeta. Miji yetu mingine inatazama, na zamu yake itafika.

Mradi wa namna hii una hatua moja ambayo mara chache hufika ukurasa wa mbele wa gazeti. Wananchi huitwa kutoa maoni. Tangazo hubandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, viti hupangwa chini ya turubai, wataalamu hutandaza michoro, na watu husaini karatasi ya mahudhurio. Nawaalika leo tuitafakari hatua hiyo, kwa sababu ndani yake limejificha swali la haki, nalo ni la Kikristo kabisa: kumuuliza mtu maana yake nini?

Kwanza tushukuru panapostahili. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 20.9, iliunganisha Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Kwa kazi hiyo Dar es Salaam ilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Aliyekuwa akiamka saa tisa usiku ili awahi kazini anajua thamani ya basi linalopita lenyewe bila foleni. Anajua pia karaha ya kusubiri muda mrefu kituoni na kubanana mlangoni. Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, namba 153. Humo alitaka usafiri wa umma upewe kipaumbele, na akasikitikia hali zisizo na heshima wanazopitia abiria kutokana na msongamano, uchache wa mabasi na ukosefu wa usalama. Basi la abiria, kwa hiyo, linahusu utu wa mwanadamu.

Sasa tutazame barabara yenyewe. Upana wake una mipaka. Mwendokasi ukichukua njia mbili katikati, kuna kitu kitasogea pembeni: magari binafsi, daladala, maegesho, meza ya muuza matunda, kijiwe cha bodaboda, au kinjia cha waenda kwa miguu. Kila mita anayopewa mmoja imetoka kwa mwingine. Mhandisi anaposhika kalamu anadhani anachora barabara tu, kumbe anagawa. Penye kugawa pana haki na dhuluma. Ndiyo sababu mchoro wa barabara hauwezi kuachwa mikononi mwa utaalamu peke yake, hata utaalamu huo ukiwa wa hali ya juu.

Je, wanaoitwa kutoa maoni ni akina nani? Chukulia mkutano umepangwa Jumanne saa nne asubuhi. Mwenye nyumba atakuja, kwa sababu ukuta wake umewekewa alama. Mwenye duka atakuja, kwa sababu anahofia wateja. Mstaafu atakuja, kwa sababu ana nafasi. Hao wote wana haki ya kusikilizwa, na fidia zao si jambo dogo. Lakini abiria anayepita hapo mara mbili kila siku haishi mtaa huo. Anaishi mbali, na saa hiyo yuko kazini. Mama lishe hawezi kuacha sufuria jikoni. Mwanafunzi ambaye makondakta humkatalia kupanda yuko darasani. Mwenye kiti mwendo ameshindwa kuvuka mtaro ili afike kwenye turubai. Machinga yuko hatua hamsini tu kutoka hapo, lakini ananyamaza, maana anahofia kuulizwa nani alimruhusu kupanga bidhaa zake pale.

Jioni taarifa itaandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Karatasi ya mahudhurio itathibitisha, na hakuna aliyesema uongo. Ila waliokuwa na haja kubwa zaidi na barabara hiyo hawakuwepo.

Hapa ndipo Injili ya Marko (10:46-52) inapotusaidia. Bartimayo, kipofu wa Yeriko, ameketi kando ya njia akiomba. Barabara kwake ndiyo riziki. Anaposikia kwamba Yesu anapita, anapaza sauti, na wengi wanamkemea anyamaze. Tusiwahukumu haraka watu hao. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na safari, walikuwa na ratiba, na kelele za kipofu ziliwachelewesha. Kila msafara una watu wa namna hiyo.

Yesu anasimama. Kisha anafanya mambo mawili ambayo kila anayekusanya maoni ya watu angefaa kuyajua. La kwanza, anawaagiza walewale waliomnyamazisha wamwite. Umati unageuzwa kutoka kizuizi na kuwa mjumbe. La pili, anamuuliza kipofu anataka afanyiwe nini. Swali hilo limewashangaza wafafanuzi wengi. Kipofu atataka nini kingine isipokuwa kuona? Hata hivyo Yesu hamsemei. Anampa heshima ya kutaja haja yake kwa kinywa chake mwenyewe, na anachotenda baadaye kinafuata jibu alilopewa. Yeye aliye Bwana, ambaye kwa imani yetu anajua yote, anauliza. Sisi tunaojua kwa sehemu tunapata wapi ujasiri wa kutouliza?

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana analojua kuhusu ujenzi. Nawaomba waende Jangwani. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa katika bonde la Mto Msimbazi, na imefurika zaidi ya mara moja. Mvua kubwa zikinyesha, barabara ya Jangwani hufungwa na safari za mabasi husimama. Desemba 2011, kabla basi la kwanza halijabeba abiria, bonde hilohilo lilikumbwa na mafuriko makubwa, na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande. Simtafuti mtu wa kumlaumu. Nasema tu kwamba mama aliyewahi kubeba watoto mgongoni usiku akikimbia maji ya Msimbazi ana elimu juu ya bonde hilo. Elimu yake haina cheti, lakini imelipiwa kwa gharama kubwa. Kumsikiliza mtu wa namna hiyo ni sehemu ya utaalamu. Mhandisi anayemsikiliza hapungukiwi na kitu.

Kanisa limelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliingiza katika mkusanyo wake wa sheria kanuni inayodai kwamba jambo linalowagusa wote liridhiwe na wote. Mwangwi wake umo hata leo katika Kanuni ya 119 ya Sheria za Kanisa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na maisha yake. Naye Papa Fransisko, katika Laudato si' namba 150, aliwataka wanaopanga miji wazingatie mitazamo ya watakaoishi humo. Kwa hiyo mwananchi anapoulizwa hafanyiwi hisani. Anapewa kilicho chake.

Haki hiyo ina masharti, na hapa nataka tuwe wakweli pande zote mbili.

Kwa upande wa wenye mamlaka, sharti la kwanza ni wakati. Maoni yanayoombwa baada ya mkandarasi kusaini mkataba ni taarifa iliyovikwa nguo ya maoni. Mtu aulizwe wakati jibu lake bado linaweza kuhamisha kituo, kuongeza kivuko, au kuacha mwembe usimame. Sharti la pili ni ukweli. Yapo mambo yasiyopigiwa kura. Unene wa nguzo za daraja ni hesabu, na hesabu haina mjadala. Basi wananchi waambiwe wazi kipi kimekwisha kuamuliwa na kwa nini, na kipi kiko mikononi mwao. Watu huvumilia kuambiwa hapana. Wanachoshindwa kuvumilia ni kuitwa kuamua kitu kilichokwisha kuamuliwa. Sharti la tatu ni mrejesho. Aliyetoa maoni arudishiwe jibu, hata kama ni kwamba wazo lake limeshindikana kwa sababu hizi na hizi. Asipojibiwa mara mbili, mara ya tatu haji, na siku hiyo tutasema wananchi hawana mwamko.

Kwa upande wetu waamini, tujiulize tunapokwenda kwenye mkutano tunakwenda kumsemea nani. Ni rahisi kusimama na kutetea geti langu, maegesho yangu, njia yangu ya mkato. Hayo ni halali. Lakini Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatudai zaidi, yanatudai mafao ya wengi. Mwenye gari akikubali njia ya gari lake ipungue ili basi lenye watu zaidi ya mia lipite, amefunga mfungo ambao nabii Isaya angeutambua. Na mwenye nyumba akisimama kuuliza mtu mwenye kiti mwendo atafikaje kituoni, ilhali kituo kiko katikati ya barabara na magari yanapita kwa kasi pande zote mbili, amekuwa yule mtu wa umati aliyetumwa kumwita Bartimayo.

Matendo ya Mitume, sura ya sita, inatupa mfano wa namna ya kumaliza kazi hii vizuri. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuyaita uchochezi. Waliita jumuiya nzima, wakaiachia ichague watu saba wa kusimamia huduma hiyo. Tazameni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Yote ni majina ya Kigiriki. Inaelekea jumuiya iliuweka mgawo mikononi mwa upande uliokuwa ukilalamika. Matunda yake, Luka anatuambia, ni kwamba neno la Mungu lilizidi kuenea. Kanisa lilikua kwa sababu lilisikia malalamiko. Je, kamati zetu za barabara zina abiria ndani yake? Zina mama lishe? Zina mtu asiyeona?

Swali hilo linaturudia na sisi wenyewe. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 Kanisa zima lilikuwa katika safari ya Sinodi, na maoni yalikusanywa tangu ngazi ya parokia. Hatuwezi kuidai serikali isikilize ikiwa maoni ya jumuiya zetu yanalala kabatini parokiani bila jibu. Anayehubiri kusikiliza sharti aonekane akisikiliza.

Lipo pia jambo tunaloweza kulifanya kwa mikono yetu. Abiria asiyepatikana Jumanne saa nne asubuhi, sisi tunamwona kila Dominika. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukutana alfajiri ya Jumamosi, kabla watu hawajatawanyika. Parokia haina kazi ya kuchagua ramani, wala mimbari si mahali pa kampeni. Lakini paroko anaweza kusoma tangazo la mkutano wa mtaa mwishoni mwa Misa. Halmashauri ya Walei inaweza kuwaomba wahusika waje na michoro yao siku ambayo watu wapo. WAWATA wanaweza kuorodhesha mahali ambapo mwanamke anaogopa kushuka basi usiku. VIWAWA wanaweza kutembea na wazee kutoka nyumbani hadi kituoni wakihesabu mitaro isiyo na daraja. Karatasi moja ya namna hiyo, iliyoandikwa kwa adabu na kupelekwa mapema, ina uzito kuliko manung'uniko ya miaka kumi ndani ya basi. Na tushirikiane na jirani zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, maana mtaro haumuulizi mtu dini yake kabla hajatumbukia.

Bartimayo alipopata kuona, Marko anasema alimfuata Yesu njiani. Aliyekuwa ameketi kando ya barabara akawa msafiri ndani yake. Hicho ndicho kipimo cha barabara njema: je, waliokuwa kando wamepata nafasi ya kusafiri? Wiki hii, ukipita mbele ya ofisi ya mtaa wako, simama usome ubao wa matangazo. Ukikuta mkutano umeitishwa, nenda, na usiende peke yako. Mpitie jirani ambaye hakuna aliyekumbuka kumwita.