Mlango wa Chuma na Uwongo wa Kudumu

Mkaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja ambaye mlango wake wa nje umeoza upande wa chini hupewa nasaha moja na kila mpita njia: ng'oa, weka chuma, upumzike. Hupewa na jirani, hupewa na fundi wa kuchomelea, hupewa hata na mkwe aliyekuja kupokea mkono wa Idi. Hakuna anayedaiwa ushahidi. Chuma ni kigumu na mbao ni laini. Kigumu hudumu, laini huoza. Basi maneno yamekwisha. Hoja hii ni batili, na kwa kuwa imekwisha kung'oa milango iliyokuwa na umri mrefu mbele yake, haistahili kuonewa haya.

Kianzwe chuma chenyewe. Kinachoitwa mlango wa chuma, aghalabu, si pande la chuma. Ni mabomba ya mraba yaliyo matupu ndani, yakachomelewa kwenye pembe, kisha yakavikwa bati jembamba na kupakwa rangi. Hewa ya bahari imebeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata usiku usio na mvua. Pale moto wa kuchomelea ulipopita, kinga ya zinki, kama ilikuwapo, imeungua. Kutu basi haianzii usoni, ambako mwenye nyumba hupitisha burashi kila Ramadhani inapokaribia. Huanzia ndani ya bomba, chini kabisa, ambako maji ya kuoshea baraza huingia na hayapati njia ya kutoka, na ambako burashi haitafika abadan. Kutu nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana bati hufura na rangi kubanduka kama ganda la kitunguu. Siku kutu inapochungulia nje, wenye mlango hudhani ndipo ugonjwa unapoanza, kumbe ile ni tanzia.

Wapo wanaojiona wameruka mtego huo kwa kununua mlango wa kiwandani wa bati lililochapwa mistari ya mbao, mbao ambayo haikupata kuwa mti. Huo kitasa chake kikifa, hutafutwa kitasa cha umbo lile lile, na kiwanda kimekwisha kubadili umbo. Alminiamu ina haki yake: haiozi kwa kutu kama chuma, na kwa dirisha la chooni haina ubaya. Ila skrubu na vitasa vyake ndivyo huanza kufa, na ubavu wake ukishapondwa haunyooshwi ukanyooka. Plastiki jua la mchana linaijua wenyewe.

Neno lililoharibika hapa ni "kudumu". Madukani lina maana ya kitu kisichohitaji kuguswa tena. Pwani hakuna kitu cha namna hiyo. Hata jiwe la matumbawe huliwa. Mlango unaodumu ni ule unaokubali kutengenezwa na fundi wa mtaani, kwa vifaa vya mtaani, sehemu moja moja, bila ya kuuangusha wote. Kwa kipimo hicho hapana mlango wa bati unaoufikia mlango wa kale wa mbao wenye mbawa mbili. Mbawa zake hazikutegemea bawaba. Kila ubawa ulizunguka juu ya kigingi kilichoingia katika tundu la kizingiti cha chini na tundu la kizingiti cha juu. Fremu ilishikana kwa ulimi na tundu, bila gundi. Mfaa, yaani ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbawa mbili, hutolewa ukatiwa mwengine. Mbao za ubawa zimepigiliwa kwenye mataruma yaliyo nyuma, na moja ikioza huondolewa peke yake.

Sasa uangaliwe huo mlango unaodaiwa kuwa umekufa. Umeoza wapi? Mara nyingi ni shibiri moja ya chini, pale nyuzi za mbao zilipokatika na kunywa maji kama utambi unavyokunywa mafuta. Juu ya hapo mbao ni nzima, kavu, ngumu kiasi cha kuuvunja msumari. Seremala ajuaye kazi hukata kipande kibovu kwa mshazari, akaunga kipya kwa ulimi, akauziba mwisho wa nyuzi kwa rangi nzito au mafuta ya kitani, akaurudisha ubawa mahali pake. Kazi hii ni ya siku chache. Badala yake mlango mzima hung'olewa, akatokea mtu mwenye gari nje akaununua kwa bei ya kuni, kisha nakshi zile zile zikaonekana zimelazwa kuwa meza ya vioo katika ukumbi wa hoteli. Anayemshauri mwenziwe kung'oa ajiulize japo mara moja ni nani anayefaidika na nasaha yake.

Kuna jambo ambalo waungaji mkono wa chuma hawalitaji kabisa, nalo ni ukuta. Nyumba za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka taratibu usoni mwake na kukauka. Anapokuja mtu akaupiga lipu ya saruji, na juu yake rangi ya plastiki, unyevu hufungiwa ndani. Nao haukai kimya. Hutafuta pa kutokea, na pa karibu ni kwenye miimo ya mlango, ambayo miguu yake imezama ukutani. Miimo ikaoza, mchwa wakaja kula kilicholainika, na lawama ikatupiwa mbao! Akawekewa chuma kwenye ukuta ule ule wa saruji, nacho kikaliwa na unyevu ule ule wenye chumvi. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha mlango aanze kwa kubandua saruji inayouzunguka, hata dhiraa moja kila upande, arudishe chokaa, na ahakikishe kwamba mguu wa mwimo umesimama juu ya jiwe wala haukugusa udongo. Asipofanya hivyo, hata msaji wa Burma utamwozea.

Hapa ndipo pa kugeukia upande wa pili, maana si wauza bati pekee wanaostahili kulaumiwa. Wapo watetezi wa urithi ambao kila wakisikia neno mlango husikia nakshi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Tangu hapo zimeandikwa karatasi nyingi kuhusu waridi, mawimbi, samaki na minyororo iliyochongwa, na waongozaji wageni wana hadithi kwa kila ua. Vijumba vya shaba vilivyo mbele ya mbawa husemwa ni kinga ya tembo wa vita wa India, katika mji ambao tembo hangepita kichochoroni hata angealikwa. Yote hayo ni burudani. Dhara yake ni kwamba mkaazi wa kawaida ameaminishwa kuwa kuna milango miwili tu duniani: ule wa nakshi usionunulika, na ule wa chuma. Mlango wa tatu, uliokuwa mingi kuliko yote na haukupigwa picha na mtu, ni mlango mtupu wa mbao nene, usio na ua hata moja, wenye mfaa, komeo na tumbuu. Huo ndio unaofaa kurudishwa kwenye nyumba nyingi, na huo hausemewi na mtu yeyote. Kuliko nakshi mpya iliyochongwa juu juu kwenye mbao mbichi, ikapasuka kiangazi cha kwanza, ni bora ubao mtupu uliokauka.

Na mbao gani? Mvule ndio mkongwe wa kazi hii, na ndani yake wakati mwengine hukutwa jiwe gumu linalong'oa meno ya msumeno. Fundi hulaani, lakini mti wenyewe mchwa hauwapendezi. Msaji una mafuta yake ya asili, na umepandwa kwa wingi bara, Longuza na Mtibwa. Ila mti uliovunwa ukiwa mchanga una mbao nyeupe nyingi ya nje, na hiyo nyeupe haina kinga yoyote, bungua huila kama mkate. Mnunuzi atazame rangi ya kila ubao, aukatae ulio nusu mweupe hata akiambiwa ni msaji, kwani jina la mti halizuii mdudu. Mninga na mbambakofi hufaa vile vile. Mfenesi wa visiwani una heshima yake ya zamani katika milango. Muembe uachiwe masanduku. Misumari ya chuma kitupu isipigwe kwenye mbao itakayolowa. Hutia weusi na kufa kabla ya mbao. Skrubu za shaba zina gharama, nazo hulipa. Baada ya hapo ni mafuta kila mwaka kabla ya masika. Wenye vyombo vya bahari walijua hilo, ndio maana majahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Mlango nao hauhitaji sifa za mdomoni, japo hakuna jirani atakayeistahimili harufu ya hiyo sifa nyengine. Mafuta ya kitani yanatosha.

Watasema: na wezi? Swali la haki, na halijibiwi kwa mashairi. Mwizi hausukumi mlango palipo pagumu. Hutafuta kitasa, bawaba au fremu iliyolegea, na mlango wa bati jembamba una vyote vitatu. Ubawa wa inchi mbili wenye kiwi cha kupachika kwa ndani hauingiliki kirahisi, na mwenye hofu zaidi ataweka wavu wa nondo nyuma ya mbao, ambako mvua haiufikii na kila bomba linaonekana.

Wapenzi wa tungo wana sababu yao ya ziada ya kujiingiza katika ugomvi huu. Mlango katika lugha hii ni sura ya kitabu, na kwa watu wa pwani ni ukoo pia. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango hujibiwa "yai" na mtoto wa miaka minne. Lakini ukimtajia kijana wa leo mfaa, tumbuu au kiwi, hudhani unamtajia viungo vya samaki. Maneno haya hayakuuliwa na Kiingereza. Yameondoka pamoja na vitu vyenyewe, na mtunzi anayeyatia katika ubeti hulazimika kuyaeleza pembeni kama maneno ya kigeni.

Limebaki suala la nani alipe. Nyumba nyingi za mji zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, nyengine nyingi ni za wakfu, na anayelala nyuma ya mlango ni mpangaji ambaye hata msumari si wake. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na anayetaka kubadili mlango wa nje hutakiwa aombe ruhusa. Ni sawa. Lakini barua ya kukataza chuma, ikimfikia mjane mwenye mlango ulioinama na masika yanabisha hodi, ni ukatili uliovaa kanzu ya uhifadhi, endapo haikufuatana na ubao. Mbao hukauka kivulini kwa mwendo wa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa kanuni ya maseremala. Ubawa wa inchi mbili unaotakiwa leo ulipaswa kukatwa na kupangwa ghalani tangu mwaka wa juzi. Mpangaji hana ghala, wala mtaji wa kungoja. Mwenye nyumba, akiwa ni serikali au wakfu, anavyo vyote viwili, na mbao za msaji hushushwa bandarini Malindi mbele ya macho yake.