Saa za boksini si saa za nyumbani

Ni haki ya mnunuzi kujua anachonunua. Haki hiyo, kwa upande wa balbu, mwananchi wa kawaida hajaipata hadi leo.

Mwaka 2010 kampuni ya umeme nchini iligawa balbu za kuokoa stima zaidi ya milioni moja, wateja wakitoa zile za kizamani zenye uzi. Nia ilikuwa njema, na hesabu yake haikuwa ya uongo: balbu ya wati 11 hutoa mwanga unaokaribia ule wa wati 60. Nami, kwa kuvutiwa na hesabu hiyo, miaka miwili baadaye nilimnunulia mama yangu mzazi moja dukani. Juu ya boksi paliandikwa saa 8,000. Kwa mtu awashaye taa saa tano kila jioni, hiyo ni zaidi ya miaka minne.

Haukupita mwezi, mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo taa yako yanizomea." Nilidhani ni maneno ya uzee. Jioni hiyo akafungua redio yake ya masafa ya kati, nikasikia mvumo kama wa mzinga wa nyuki. Akazima taa, na sauti ya mtangazaji ikarudi safi. Tangu hapo ikawa desturi yake: taarifa ya habari ikifika, taa huzimwa na koroboi huwashwa, matangazo ya vifo vivyo hivyo, kwani hayo hakuthubutu kuyakosa. Yaani balbu ya kuokoa stima ilimrudisha kwenye mafuta ya taa!

Sababu yake si uchawi. Katika kitako cha balbu hizo mna saketi ndogo inayougeuza umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde kuwa wa mizunguko 40,000 hivi. Mizunguko hiyo huzaa mawimbi mengine ya juu zaidi, ambayo hufika hadi kwenye masafa ya kati, kilohezi 531 hadi 1,602. Nyaya za nyumba nazo huyasambaza kama antena. Mtengenezaji mwaminifu hutia kichujio cha kuyazuia. Asiye mwaminifu hukiacha, akajiwekea shilingi chache. Wasikilizaji wa FM hawakusumbuka sana, na nadhani ndiyo maana kilio hiki hakikusikika mijini.

Balbu ile haikumaliza mwaka. Baadaye ndipo nilipofahamu maana ya zile saa 8,000. Katika maabara, balbu nyingi huwashwa kwa pamoja, aghalabu kwa vipindi vya saa tatu hivi, umeme ukiwa tulivu na hewa ikipita. Saa zinazotangazwa ni zile ambazo nusu ya balbu huwa zimekwisha kufa! Isitoshe, kila ziwashwapo hupoteza kiasi kidogo cha dawa iliyopakwa kwenye ncha za mrija. Sasa mfikirie mama, aliyekuwa akiizima na kuiwasha mara tano kwa jioni moja ili asikie redio. Mvumo wenyewe ndio ulioifupisha umri, ukisaidiwa na stima yetu ipandayo na kushuka itakavyo.

Kuna atakayesema kwamba hadithi hii imepitwa na wakati. Kweli, katika mkutano wa Mkataba wa Minamata uliofanyika Bali mwaka 2022, mataifa yalikubaliana kuwa balbu hizo za hadi wati 30 zikomeshwe kutengenezwa, kuagizwa kutoka nje na kuuzwa nje ifikapo 2025, kwa kuwa zina zebaki. Lakini balbu za LED zilizochukua nafasi yake nazo nyingi zina saketi ya namna hiyo hiyo, na boksi zake zinaahidi saa 25,000. Hizo ni karibu miaka mitatu ya kuwaka mfululizo, usiku na mchana. Aghalabu hazikungojwa zikaisha. Zilikadiriwa kwa hesabu.

Kanuni za kimataifa za kudhibiti mvumo huu zipo, nazo ni zile ziitwazo CISPR 15. Kwa hivyo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa halihitaji kubuni jipya. Liwalazimishe waagizaji waandike juu ya boksi, kwa Kiswahili, balbu yaweza kuwashwa mara ngapi, yavumilia volti ngapi, na itabadilishwa bure katika muda gani ikifa mapema. Lizinunue nyingine kutoka vibandani, si zile tu zinazoletwa na waagizaji wenyewe kupimwa.

Kwa sasa mimi huenda dukani na redio ya mama mfukoni. Namwomba muuzaji aiwashe balbu, nami naifungua redio kando yake. Wengine hunicheka, ila wiki jana mmoja alizirudisha tatu rafuni kabla sijasema neno.