Laptopu ya kijana, itacheza gemu anayoitaka?



Jumapili moja tulipokuwa tukitoka ibadani Mkunazini, mama mwenzetu alitushika mkono akatuvuta pembeni. "Mwanangu ananisumbua anataka laptopu," alisema. "Anataka ya kuchezea gemu ya mpira. Muuza duka ananiambia inacheza. Sasa mimi nitajuaje?"

Tulicheka. Kisha tukanyamaza, maana swali hilo hilo lilishatugharimu sisi wenyewe fedha ya upatu ya miezi minane.

Kijana wetu wa pili alipomaliza kidato cha nne alituomba laptopu ya masomo. Hakusema uongo, ila hakuumaliza ukweli. Masomo yalikuwapo, lakini na gemu pia ilikuwapo, na sisi hatukuuliza. Tulitaka kumfurahisha bila yeye kujua, kwa hiyo tukaenda dukani peke yetu na fedha zetu zimefungwa kwenye leso. Muuzaji alitutolea mashine mbili zilizotumika. Moja ilikuwa na kibandiko cha i5, nyingine cha i7. Akasema, "Mama, chukua hii i7. Hii inacheza kila kitu." Sisi tunajua saba ni kubwa kuliko tano. Tukalipa.

Jioni ile kijana alituruka shingoni. Gemu aliyokuwa akiitaka ni EA Sports FC 24, iliyotoka Septemba 2023. Ndiyo ile ile ya mpira ambayo tangu 1993 watoto waliijua kwa jina la FIFA, mpaka kampuni ya EA ilipoachana na shirikisho hilo na kubadili jina. Rafiki yake alimletea, akakesha akiiingiza. Alipoifungua, ikatoa maneno ya kosa kisha ikajifunga. Akajaribu tena, ikajifunga tena.

Hakutuambia. Sisi tuligundua baada ya wiki, tulipoikuta laptopu chini ya kitanda, na yeye amerudi kule kwenye kibanda cha gemu mtaani, anakolipa kila mechi na kurudi nyumbani usiku umeshaingia. Tulipomwuliza alijibu akitazama chini: "Mama, haiwezi. Niliona aibu kukwambia, najua fedha ilikotoka." Maneno hayo yalituuma kuliko hasara yenyewe.

Basi tukaketi naye, tukamwambia atufundishe. Haya tunayoandika leo ni yale tuliyojifunza mezani pale, na mengine tuliyauliza kwa mafundi.

Kwanza, fahamu kwamba laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa hapa Unguja, na hata zile za Kariakoo, zilikuwa mashine za ofisini ughaibuni. Makampuni huko hubadili kompyuta zao baada ya miaka michache, zikauzwa kwa wingi, zikafika kwetu. Ni mashine imara sana kwa kuandika barua, kutunza hesabu za kikundi au kusoma. Lakini karani hachezi mpira wa kompyuta kazini, na mtengenezaji alilijua hilo. Hakuweka ndani yake kitu ambacho gemu kubwa inakihitaji kuliko vyote, nacho ni kadi ya picha.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha zetu zilipopotea. Kioo cha laptopu ya kawaida kina vidoto vya rangi 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Ukizidisha unapata zaidi ya milioni mbili. Gemu inapokwenda vizuri, picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde moja. Yaani kila sekunde mashine inapaka rangi vidoto zaidi ya milioni 124, na kila mara lazima ihesabu upya mchezaji yuko wapi, kivuli chake kimeanguka wapi, nyasi zimeinama vipi. Katika laptopu ya ofisini kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo kilichomo ndani ya prosesa, kinachoazima nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Ni kama mama anayepika, anayeosha vyombo na kupakua chakula peke yake. Kwa watu sita wa nyumbani anaweza. Umletee shughuli ya harusi ya watu mia tatu, hata awe hodari vipi, chakula kitaungua. Laptopu ya gemu ina mpishi wa pili, kadi ya picha inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake yenyewe.

Watengenezaji wa gemu hawafichi mahitaji yao. Kila gemu kubwa ina orodha mbili: mahitaji ya chini kabisa, na yale yanayopendekezwa. Ya chini maana yake itafunguka na kuchezeka, lakini kwa picha hafifu. Kwa FC 24, ya chini ni prosesa ya Intel Core i5-6600K au inayolingana nayo, RAM ya GB 8, kadi ya picha ya GeForce GTX 1050 Ti au Radeon RX 570 yenye GB 4 zake yenyewe, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Inayopendekezwa ni RAM ya GB 12 na kadi ya GTX 1660. Yetu ilikuwa na RAM ya GB 8, tukafurahi tuliposoma hapo. Kadi haikuwamo kabisa.

Na ile i7 je? Hapa tulijiona wajinga. Kumbe herufi na namba ya kwanza ni jina la ukoo tu. Kinachosema ukweli ni namba zinazofuata. Yetu iliandikwa i7-4600U. Ile nne ya mwanzo ni kizazi cha nne, mashine ya 2013, na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Ile i5 tuliyoiacha dukani ilikuwa i5-8250U, kizazi cha nane, ya 2017, yenye viini vinne. Tuliacha kijana tukanunua mzee kwa sababu ya kibandiko. (Hiyo i5 nayo haikuwa na kadi ya gemu, lakini angalau ingedumu zaidi. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha chache za kizazi cha saba, inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane.) Herufi ya mwisho nayo ina maana: U ni mashine ya kubana umeme, H ni ya kazi nzito.

Sasa, mama, ukiwa dukani utafanyaje? Usiulize muuzaji, iulize mashine. Mwambie aiwashe. Bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu, Ctrl, Shift na Esc. Kitafunguka kidirisha, tafuta palipoandikwa Performance. Upande wa kushoto utaona majina yamepangwa. Ukibonyeza CPU, utasoma jina kamili la prosesa upande wa kulia juu. Memory itakuonyesha RAM ni kiasi gani. Disk itasema kama ni SSD au HDD. Chukua SSD, kwa sababu ile HDD ya kuzunguka ni nzito kufunguka na huvunjika ikiangushwa. Kisha tazama chini kwenye GPU. Ukiona GPU 0 peke yake na imeandikwa Intel HD au UHD, hiyo ni mashine ya ofisini, funga mkoba. Ukiona na GPU 1, yenye jina la NVIDIA GeForce kwa mfano, ibonyeze, usome palipoandikwa Dedicated GPU memory. Kwa gemu ile ya mpira hapo panatakiwa pawe na GB 4. Kazi yote haichukui dakika tano, na muuzaji mwenye bidhaa safi hatakasirika.

Halafu usiondoke mara moja. Omba waifungulie gemu yoyote nzito waliyonayo, uiache ikimbie nusu saa huku ukizungumza mengine. Laptopu ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, kwa hiyo mashine iliyokwenda vizuri dakika tano za mwanzo huenda ikaanza kukwama baadaye. Sikiliza feni. Chomoa chaja uone betri inashuka kwa kasi gani. Sisi tunaoishi Mji Mkongwe tunajua joto la kaskazi linavyojaa kwenye vyumba vya ndani, na hewa ya chumvi inavyokula hata bawaba za milango. Laptopu ya gemu haiwekwi juu ya godoro wala mto. Matundu yake ya hewa huzibwa na kitambaa. Iwekwe mezani, karibu na dirisha, na ifutwe vumbi.

Kuna na umeme. Chaja ya laptopu ya kawaida ni wati 45 au 65. Ya gemu hufika 150, 180, hata zaidi. Tuseme mashine inakula wati 180 kijana akicheza saa tatu kwa siku: ni uniti 16 na kitu kwa mwezi. Ile ya kawaida ikila wati 40 kwa muda huo huo haifiki uniti nne. Sisi tunaonunua umeme kabla ya kuutumia tunajua tofauti hiyo inauma wapi. Na umeme wetu wa Unguja huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba. Waliokuwapo hawajasahau giza la mwezi mzima mwaka 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Tangu 2013 tuna waya mkubwa zaidi wa megawati 100, lakini kupanda na kushuka kwa umeme bado kupo, kwa hiyo usichomeke mashine ya bei hiyo ukutani moja kwa moja. Nunua na kifaa cha kuilinda.

Kuhusu kupata gemu yenyewe, GB 100 si mchezo. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda bila kukatika, ni zaidi ya saa 22. Ndiyo maana vijana hupeana kwenye diski za mkononi. Nyingi za hizo ni nakala za wizi, na virusi huja humo humo. Kama mna kadi ya benki, duka la Steam hurudisha fedha ikiwa gemu imenunuliwa ndani ya siku 14 na imechezwa chini ya saa mbili. Hiyo ni njia nzuri ya kuijaribu mashine, lakini kadi ibaki mkononi mwako, si kwenye kompyuta ya mtoto. Gemu hizi za mpira huuza vifurushi vya wachezaji ndani kwa ndani, na mtoto anaweza kumaliza fedha bila kujua amenunua nini.

Tazama pia namba ya umri. Ulaya wana alama iitwayo PEGI: 3, 7, 12, 16 na 18. FC 24 ina 3. Grand Theft Auto V, ambayo vijana wengi huiulizia, ina 18, na haikupewa kwa bahati mbaya. Mtoto wa miaka 13 akikwambia "ni ya magari tu, mama", mwambie afungue mbele yako, mketi pamoja.

Sisi tulirudi dukani na mashine yetu. Muuzaji alitwambia kilichouzwa hakirudi. Tumekaa nayo, na kwa kweli kijana anaandikia kazi zake za chuo bila tatizo. Kwa mpira alipata toleo la zamani lisilohitaji makubwa, na siku za mwisho wa juma rafiki zake huja kucheza barazani kwetu badala ya kibandani. Chai inakwisha haraka, lakini tunajua walipo.

Yule mama wa Mkunazini tulimwandikia namba zote kwenye karatasi. Jumamosi iliyofuata alitupigia simu akiwa dukani Darajani, mwanawe pembeni yake.

"Nimeifungua hiyo Performance," alisema kwa sauti ya chini. "Iko GPU 0 tu. Imeandikwa Intel."

"GPU 1 je?"

"Haipo. Lakini kijana wa duka anasema hii ni i7."

Tukamsikia mwanawe akicheka nyuma. Tukamwambia amrudishie mwenyewe mashine yake, amshukuru. Jioni alitupigia tena. Fedha ilikuwa bado mkobani, na wao wawili walikuwa Forodhani wanakula urojo, wakipanga kwenda kuuliza kwingine wiki ijayo.