Orodha Ibandikwe Kabla ya Tingatinga

Wakazi wa Kibera, Nairobi, wanayaona majengo ya eneo lao la Soweto Mashariki yakipanda ghorofa juu ya ghorofa, na hawana shaka kwamba nyumba hizo, zaidi ya 4,000, zitakamilika. Kinachowanyima usingizi ni orodha ya watakaopewa: nani yumo, nani hayumo, na jina la nani limechomekwa gizani.

Wana haki ya kuogopa. Septemba 2009 familia za eneo hilo hilo zilianza kuhamishiwa Lang'ata, kwenye nyumba 600 za KENSUP, mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, ili mabanda yao yabomolewe na fleti zijengwe. Yalikuwa makazi ya muda. Wenye mabanda wakaenda mahakamani, kazi ikakwama, na fleti 822 zilizosubiriwa zikakabidhiwa Julai 2016. Karibu miaka saba familia mbili au tatu zilibanana katika nyumba moja, kila familia na chumba chake, jiko na choo vya wote. Baadhi walipangisha vyumba vyao na kurudi mabandani. Ni rahisi kuwalaumu, ila nyumba isiyo na tarehe ya mwisho wala karatasi ya umiliki mtu huigeuza pesa mapema, kabla hajanyang'anywa.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kuhesabu watu. Wengi wa wakazi wa Kibera ni wapangaji, na mwenye banda mara nyingi haishi humo. Makarani wa sensa wakipita hupaka namba mlangoni, na namba hiyo ni ya banda. Mama aliyeishi humo miaka kumi akihamia mlango wa tatu kwa sababu kodi imepanda, namba inabaki nyuma, na aliyeingia juzi ndiye anayehesabiwa mkazi. Tunasema wazi: haki ya kwanza ya nyumba hizi ni ya mpangaji aliyeishi mtaani. Mwenye banda alipwe fidia ya mabati na mbao zake, basi.

Wala mkazi huyo asitupwe kwenye foleni moja ya Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuombea nyumba, pamoja na kila Mkenya mwenye kitambulisho. Yeye ndiye anayevunjiwa.

Kuna suala la mfuko pia. Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda Nairobi, ambako Rais William Ruto alikabidhi nyumba za kwanza Mei 2025, nyumba ya bei ya chini hulipiwa takriban Sh3,900 kwa mwezi. Mwenye mshahara anaweza. Anayekaanga mandazi mlangoni pake tangu alfajiri hulipa kodi kutokana na mlango huo huo. Mpeleke ghorofa ya saba, wateja hawatampandia, na baada ya miezi michache atakuwa na deni. Wachuuzi wapewe nyumba za chini, au wajengewe vibanda vya biashara pale pale uani, tena kabla ya kuhama.

Sheria ya Ardhi inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwafurusha watu. Familia za Mukuru kwa Njenga zilizolala nje mwishoni mwa 2021 baada ya nyumba zao kubomolewa kupisha barabara zinajua notisi ina thamani gani isipoheshimiwa.

Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri huongeza kiasi kicho hicho. Pesa ni za umma, na orodha ni ya umma. Ya Soweto Mashariki ibandikwe sasa katika ofisi ya chifu, kanisani na msikitini, ikionyesha jina la mtu, banda alilotoka na ghorofa aliyopewa. Wakazi wapewe siku 30 za kulalamika, mbele ya kikao cha hadhara. Jina ambalo majirani hawalijui lifutwe.