Lubumbashi: Nusu kidonge cha kuzuia kutapika chaweza kumzidi mtoto

Mtoto akianza kutapika usiku katika mitaa ya Kenya, Katuba au Kampemba, jijini Lubumbashi, wazazi wengi hukimbilia famasi ya jirani kabla ya kituo cha afya. Vidonge vikiuzwa kimoja kimoja bila karatasi ya maelezo, kipimo hubaki cha kukisia: mkubwa humeza kimoja, basi mtoto apewe nusu.

Hesabu hiyo ndiyo hatari. Kidonge cha kawaida cha metoklopramidi, maarufu kwa jina la Primpéran, kina miligramu 10. Mwaka 2013, Shirika la Dawa la Ulaya liliweka mipaka: mtu mzima asizidishe miligramu 10 mara 3 kwa siku, kwa siku 5 tu. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa. Kuanzia mwaka 1, hutolewa katika hali chache kwa agizo la daktari, miligramu 0.1 hadi 0.15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 hafikishi miligramu 2 kwa mara moja. Nusu kidonge ni miligramu 5.

Dawa ikizidi, shingo yaweza kupinda, macho kugeuka juu na uso kukakamaa. Ni rahisi kudhani ni degedege.

Kongo imeshaona dalili hizo. Julai 2015, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kuwa watu zaidi ya 400, wengi wao watoto, walilazwa kaskazini mashariki mwa nchi. Walikuwa wamepewa vidonge bandia vilivyoandikwa diazepamu, kumbe ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayogusa ubongo kwa njia inayofanana na metoklopramidi.

Kwa mtoto anayeharisha na kutapika, WHO haipendekezi dawa hizi. Kinachoua ni kukauka maji mwilini, hasa katika mkoa unaojua kipindupindu. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, SRO, kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

Akishindwa kunywa, akilegea au macho yakiingia ndani, apelekwe hospitali mara moja. Na kwa dawa yoyote, swali la kwanza dukani liwe moja: mtoto ana kilo ngapi?