Kifumbu cha Damu

Kila mwenye jiko hapa pwani aijua kazi ya kifumbu: tui hupita, machicha hubaki. Chujio la mashine ya figo hufanya mfano wa hayo, ila huko kilicho bora ndicho kinachobaki.

Twawaandikia hasa jamaa zetu walioko Thika na Ruiru, wampelekao mgonjwa wao Hospitali ya Thika Level 5 kusafishwa damu, kwa kawaida mara 2 kwa wiki, muda wa saa 4 kila mara. Ndani ya chujio mna maelfu ya nyuzi zenye uwazi, nyembamba mno, na damu hupita humo. Kuta zake ni utando wenye vitundu. Yurea, taka itokanayo na protini tulayo, ina uzito wa molekuli 60 tu, hupenya upesi. Albumini, protini kuu ya damu, uzito wake hufikia kama 66,000, nayo huzuiwa ikarudi mwilini. Lau ingevuja, maji yangetoka mishipani na mwili ungevimba.

Hata hivyo protini haziupiti utando huo hivi hivi. Katika dakika za mwanzo tu hunata ukutani, zikafanya tabaka, vitundu vikabana. Na taka za ukubwa wa wastani zikazidi kuzuilika.

Lipo jambo linalotusikitisha majumbani, nalo hufanywa kwa huruma. Kabla ya mashine, mgonjwa huambiwa apunguze nyama, samaki na mayai, yurea isije ikarundikana. Akishaanza mashine, baadhi ya nyumba huendelea kumnyima, ilhali hali imekwisha geuka. Asidi amino, ambazo ndizo vipande vinavyoijenga protini, ni ndogo hata hupita pamoja na taka, na kila anapounganishwa na mashine hupoteza gramu kadhaa. Kwa hiyo hushauriwa ale zaidi ya awali, kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6. Kadiri yake hasa aulizwe mtaalamu wa lishe wa hapo hospitalini.

Samaki, basi, arudishwe sahanini. Madafu ndiyo yazuiwe, hata kama tumeyatuma kwa mapenzi kutoka Mombasa: yana potasiamu nyingi, figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi huuvuruga moyo.